Tangazo likifika kwenye kabambe, nani atashika simu?



Ndugu zangu na dada zangu, kamati imeniomba nizungumzie matangazo ya simu, vile tunaweza kuyatumia kuwafikia watu wetu ambao hawajajisajili kupiga kura. Pesa tulizo nazo ni kidogo. Nimesikia wengi mnataka ziende zote Facebook. Mimi napinga, na wacha niseme kwa nini.

Tangazo la Facebook linamfikia nani? Mwenye simu ya kisasa, mwenye bando, anayesoma Kiswahili ama Kiingereza bila taabu. Huyo ameshaambiwa mara kumi. Sasa fikirieni mama wa Hulugho ama wa Bura. Ana kabambe ya tochi, chaji anapeleka dukani, na hiyo simu inatumiwa na nyumba nzima. Mchana iko na kijana malishoni, usiku ndiyo inarudi. Tangazo letu la picha nzuri na bendera halitamuona kabisa.

Na mjue kutangaza peke yake hakutoshi. Oktoba 2021 Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifanya usajili wa mwezi mzima ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Waliopatikana ni kama milioni 1.5. Redio zilitangaza, televisheni zilitangaza. Kwa hivyo tusidhani watu hawajui kuna uchaguzi. Wanajua sana.

Kuna kazi moja ya Afrika Kusini ambayo nimeipenda. Huko, kama hapa kwetu, mtu asiye na kredi anaweza kutuma bure ile meseji ya "tafadhali nipigie". Meseji hiyo ni fupi, inabaki nafasi tupu chini yake. Mwaka 2008 mradi ulioitwa Masiluleke uliichukua hiyo nafasi na kuweka maneno machache kuhusu ukimwi, kwa lugha ya watu wenyewe, pamoja na namba ya simu ya ushauri. Zilienda meseji kama milioni moja kwa siku. Simu zilizoingia kwenye kituo cha ushauri Johannesburg zikaongezeka mara tatu.

Wengi wakisikia hiyo hadithi wanashika ile milioni moja. Mimi nashika ile nyingine: mtu alipiga, na upande wa pili kulikuwa na binadamu aliyefunzwa, akapokea. Kama hakuna wa kupokea, tumetangaza hewa.

Halafu kuna jambo la matapeli. Sisi wenyewe tumewafundisha wazazi wetu: ukipata meseji ya namba usiyoijua, inataka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, futa! Sasa kumbukeni 2022 ulikuwa unahakikisha usajili wako vipi. Unatuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000. Namba ilikuwa halali kabisa, ya Tume yenyewe. Lakini mzee mmoja wa mtaa wetu, nilipomuonyesha, alinitazama kama mimi ndiye mwizi. Simlaumu. Ndiyo maana meseji yetu isiombe kitu chochote. Nimeandika mfano, na inaingia ndani ya zile herufi 160 za meseji moja:

"Una kitambulisho lakini hujajisajili kupiga kura? Piga namba hii mara moja ukate. Tutakupigia sisi. Hatuombi pesa wala PIN."

Hiyo tu. Yeye anapiga anakata, gharama ni yetu. Na kwa wale wasiosoma, tutumie simu ya sauti iliyorekodiwa, kwa Kisomali, kwa Kiborana, kwa Kiorma, na ipigwe baada ya Magharibi simu ikiwa imerudi nyumbani. Hapa kwa lugha muwe macho. Miongozo ya serikali ya 2017 ilitaka meseji za kisiasa zinazotumwa kwa wingi ziwe kwa Kiswahili ama Kiingereza, kwa sababu ya yale matusi ya kikabila tuliyoyaona 2007 na 2008. Sisi hatumpigii mtu debe, tunaelekeza watu wajisajili. Hata hivyo kampuni ya kutuma ionyeshwe maneno yetu mapema, na tafsiri yake, kabla hatujalipa shilingi.

Swali ambalo mtaulizwa sana kwenye simu si la kura. Ni la kitambulisho. "Nijisajili na nini?" Mnajua vijana wetu walivyozungushwa miaka na miaka na yale mahojiano ya wazee na machifu, ambayo mwenzao wa Nyeri hakuwahi kuyasikia. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba uchujaji huo umeondolewa. Vizuri. Lakini anayepiga simu atakwambia bado anarudishwa na karani. Usimjibu "nenda tu". Andika tarehe, andika ofisi, andika aliambiwa nini, kisha mpe wakili wetu. Tukipata watu thelathini wa kituo kimoja, hilo tayari ni jambo la kupeleka mbele.

Sasa namba za kutumia meseji tunazitoa wapi? Wiki iliyopita ndugu mmoja, nia yake njema, alipendekeza tupige picha kile kitabu cha wakala wa M-Pesa. Majina yote yapo, vitambulisho vipo, namba zipo. Hapana. Hapana kabisa. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, ile ni amana ya watu. Mwaka 2021 Wakenya waliingia eCitizen wakakuta wameandikishwa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Mlikasirika nyinyi, nilikasirika mimi. Hatuwezi kufanya yale yale kwa jina la haki. Tununue nafasi ya tangazo kwa kampuni ya simu, kwa eneo, bila sisi kuona namba ya mtu. Atakayepiga mwenyewe ndiye tutakuwa na namba yake, na akitaka ifutwe, inafutwa siku hiyo.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na kisheria usajili unafungwa siku 60 kabla. Tuanze na eneo bunge moja tu, mwezi mmoja, tuone wangapi wanapiga na wangapi kati yao wanafika kwa karani kweli.

Nahitaji watu kumi na wawili wa kushika simu, jioni, saa moja hadi saa tatu. Angalau sita wawe akina mama, kwa sababu mama hatamweleza kijana wa kiume mambo ya cheti chake cha ndoa. Karatasi ya zamu iko kwa dada pale mlangoni. Maswali?