Jina Jema Lisitufumbe Macho: Ulaghai wa Kompyuta na Vipimo vya Hatari

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, watunza hazina na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo zamani lisingepewa nafasi katika mkutano wa wakulima, nalo ni ulaghai unaopitia katika kompyuta na simu. Leo jambo hili lina nafasi, tena nafasi ya mbele. Orodha ya wanachama, hesabu za mazao, maombi ya pembejeo na maagizo ya malipo ya vyama vingi yamekwisha kuhamia katika kompyuta. Na mkulima naye hupokea malipo yake kwa njia ya benki au ya simu. Palipo na fedha za watu wengi, mwizi hakosi kupatafuta.

Nitagusa mambo matatu: namna mwizi anavyojivika jina la watu wanaoaminiwa, maana ya vipimo vya hatari vinavyotolewa na kampuni za ulinzi wa kompyuta, na mambo yanayotupasa sisi kufanya katika ofisi zetu.

1. Mwizi na jina la watu

Mkulima anapoingia katika duka la pembejeo hana maabara mfukoni. Hutazama mfuko wa mbegu, akaona nembo anayoijua, akatoa fedha zake. Nembo ile ni akiba ya imani iliyowekwa kwa miaka mingi. Mwenye mbegu bandia hana haja ya kujenga jina lake mwenyewe. Yamtosha kuchapa mfuko unaofanana na wa mwenzake. Ndiyo sababu Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu iliweka lebo yake juu ya mifuko, ili mnunuzi apate jambo la kuhakiki zaidi ya picha na rangi.

Katika kompyuta mambo ni yale yale, isipokuwa kuchapa mfuko wa uongo ni rahisi zaidi. Mnamo Septemba 2003 ilienea duniani programu haribifu iliyoitwa Swen. Ilifika kwa barua pepe iliyopambwa kwa nembo na mtindo wa kampuni ya Microsoft, ikisema kwamba kiambatisho chake ni dawa ya kuziba kasoro za usalama. Aliyefungua kiambatisho aliulizwa kama anataka kuendelea. Hata akijibu hapana, programu ilijipenyeza vivyo hivyo, ikajaribu kuzima ulinzi uliokuwamo katika kompyuta, kisha ikajituma kwa watu wengine. Microsoft haikuwa na desturi ya kuwapelekea watu marekebisho ya programu zake kama viambatisho vya barua pepe. Aliyeijua desturi hiyo hakuhitaji utaalamu wowote ili asalimike. Asiyeijua aliufungua mlango kwa mkono wake, akidhani anaukaza.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi tunaoidhinisha malipo. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, pamoja na wenzake, waliziibia kampuni mbili kubwa za Marekani, Google na Facebook, zaidi ya dola milioni 120. Hawakuvunja kufuli yoyote. Kampuni zile zilikuwa zikinunua vifaa kwa kampuni ya Taiwan iitwayo Quanta Computer. Basi Rimasauskas aliandikisha huko Latvia kampuni yenye jina hilo hilo, akafungua akaunti za benki kwa jina hilo, na zikaanza kupelekwa barua pepe na hati za madai zilizoonekana kutoka kwa muuzaji halisi. Wahasibu walilitambua jina, wakajua kwamba deni la namna hiyo lipo, wakalipa. Zilighushiwa hata mikataba, barua na mihuri ili mabenki yasishangae kuona fedha nyingi kiasi hicho zikipita.

Mtu huyo alikamatwa mwaka 2017, akakiri kosa mwezi Machi 2019, na Desemba mwaka huo mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Aliamriwa pia kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 26, mbali na kutaifishwa karibu dola milioni 50. Kampuni zile zilieleza kwamba zilifanikiwa kurudisha fedha zao kwa sehemu kubwa. Lakini tujiulize, Ndugu Wanachama: zile zilikuwa na mawakili na wapelelezi wa mataifa kadhaa nyuma yao. Chama cha msingi kilicholipa fedha za mbolea za msimu mzima katika akaunti ya mwizi kitarudishiwa na nani, na mvua itamsubiri nani?

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Kila mwenye simu hapa amekwisha kupokea ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtumaji hakujui. Anakisia tu kwamba, miongoni mwa watu elfu moja aliowaandikia, wamo wachache ambao kweli walikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Hila ya Lithuania na hila hii ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili hungojea deni la kweli, kisha huligeuza njia.

2. Maana ya kipimo cha hatari

Kampuni zinazouza ulinzi wa kompyuta zimekuwa na desturi ya kuupa kila tishio jipya daraja lake. Kampuni ya Symantec, kwa mfano, ilitumia kwa miaka mingi daraja la 1 hadi la 5, la 5 likiwa baya kuliko yote. Iliangalia mambo matatu: tishio limekwisha kuenea kiasi gani, lina madhara gani likiingia, na lina kasi gani ya kusambaa. McAfee nayo ilitumia maneno: hatari ndogo, ya kati na kubwa, na daraja liliweza kupandishwa kadiri taarifa za wateja zilivyoongezeka. Kwa kasoro za programu zenyewe kuna kipimo kingine cha kimataifa, kinachoanzia 0 na kuishia 10. Kasoro iliyoitwa Log4Shell, iliyotangazwa Desemba 2021, ilipewa 10 kamili.

Vipimo hivi vina manufaa. Humsaidia fundi mwenye kazi kumi kujua aanze na ipi. Lakini makatibu wengi huvisoma isivyopasa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Akiona tishio limeandikwa "hatari ndogo", mtu husema moyoni, basi hilo halinihusu.

Hebu tukipime kipimo chenyewe, kama mkulima anavyoikagua mizani kabla ya kuweka gunia lake. Daraja la namna ile huhesabu pia kuenea kwa tishio. Utabiri wa mvua wa nchi nzima unaweza kusema mvua zitakuwa za wastani, na bado shamba la mtu mmoja likasombwa na mafuriko. Utabiri haukusema uongo. Haukuwa unazungumzia shamba lile. Vivyo hivyo, tishio lililoonekana katika ofisi chache tu hupewa daraja dogo, hata kama moja ya ofisi hizo ni yetu na hazina imebaki tupu.

Kuna la pili. Daraja hutolewa baada ya tishio kuonekana na kuchunguzwa. Wale wanaopokea barua ya kwanza huipokea kabla haijapewa daraja lolote.

La tatu ndilo kubwa. Hila ya Rimasauskas isingepata daraja katika orodha ya virusi, kwa sababu haikuhitaji kirusi. Ilikuwa maneno matupu katika barua, pamoja na namba ya akaunti. Programu ya ulinzi hukagua mafaili. Haijui kama bodi yenu imekubali kubadilisha akaunti ya muuzaji wa mbolea. Na hila ya namna hii si jambo dogo: katika mwaka 2023 peke yake, kitengo cha shirika la upelelezi la Marekani, FBI, kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao kilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya barua pepe za kughushi malipo ya ofisi na biashara, na hasara iliyotajwa ilizidi dola bilioni 2.9.

Tena walaghai hujivika hata joho la mlinzi. Watu wengi wameonyeshwa katika kioo cha kompyuta tangazo lenye kengele na rangi nyekundu, likidai kwamba kompyuta yao imejaa virusi na kwamba walipe mara moja ili isafishwe. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani iliamuru walipwe zaidi ya dola milioni 163 watu waliodanganywa na mtandao mmoja wa biashara hiyo, ambao ulikuwa umewapata wanunuzi zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo onyo la hatari lenyewe linahitaji kuhakikiwa: limetoka kwa nani, na linataka nifanye nini?

3. Yatupasayo kufanya

Ndugu Makatibu, kinga iliyo bora haihitaji fedha nyingi. Inahitaji utaratibu, na ushirika ulizaliwa na utaratibu.

Kwanza, akaunti ya mtu tunayemlipa isibadilishwe kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu peke yake. Katibu ampigie muuzaji kwa namba iliyomo katika jalada la zamani, si ile iliyoandikwa katika barua mpya. Kisha aandike katika daftari tarehe, saa na jina la aliyejibu.

Pili, desturi yetu ya sahihi mbili katika hundi ihamie pia katika malipo ya kompyuta. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeidhinisha, na mmoja asimpe mwenzake neno lake la siri, hata kama mwenzake amesafiri na mkutano unangoja.

Tatu, anwani ya mtumaji isomwe herufi kwa herufi. Tarakimu 1 hukaa mahali pa herufi l, na macho yenye haraka hayatofautishi.

Nne, marekebisho ya programu yachukuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, kupitia programu yenyewe, na yasicheleweshwe. Swen ilitumia pia kasoro ambayo dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi 2001, miaka miwili na nusu kabla.

Tano, bodi ijiwekee kipimo chake cha hatari, chenye maswali matatu tu. Barua hii inataka fedha ziondoke? Inataka neno la siri, au kitu kifunguliwe? Inatuhimiza tuharakishe au tufiche? Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, barua isimame mpaka mtu wa pili aione. Kipimo hiki kinahusu chama chetu, nacho hakiwezi kuandikwa na kampuni yoyote ya ng'ambo.

Sita, likitokea la kutokea, lisifichwe. Fedha iliyotumwa asubuhi huenda bado ipo benki mchana. Kesho yake itakuwa imekwisha kuvuka mipaka. Benki ipigiwe simu papo hapo, polisi wajulishwe, na barua ile isifutwe, maana ni ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Katibu anayetoa taarifa mapema asigeuzwe mtuhumiwa kabla ya uchunguzi. Tukiwaogopesha makatibu, tutawafundisha kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakompa mwizi siku ya pili.

Ndugu Wanachama, wazee wetu walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari limebadilika sura, lakini neno halijabadilika. Mkulima anayeleta gunia lake ghalani hakuiamini nembo. Amewaamini ninyi mliomwandikia stakabadhi. Kabla ya kuidhinisha malipo yoyote, mkumbukeni yeye kwanza, kisha inueni simu mkaulize.