BARUA KWA REDIO: SIMU ZIKIKATIKA TUFANYEJE?

(Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyanakili hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu wanachama, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma.

Nimetakiwa nieleze hii mitambo ya kupeleka barua kwa redio, ambayo Kamati inapendekeza Chama kinunue. Najua wapo wanaosema, "Simu tunazo mkononi, redio ya nini tena?" Ni swali la haki. Nianze na hilo.

Simu ya mkononi haijitegemei. Inategemea mnara, mnara unategemea umeme, na intaneti inategemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania na nchi jirani intaneti ikazorota. Simu zilikuwa na chaji, minara imesimama, lakini watu wakabaki wanatazama kioo kinazunguka tu. Sasa fikirini mvua ibomoe barabara na mnara uanguke siku hiyo hiyo. Nani atajua kwamba huku tunahitaji dawa?

Wazee wanaikumbuka simu ya upepo. Chombo hiki ni jamaa yake, kinaitwa redio ya ridhaa. Tofauti ni kwamba hapa hatusemi kwa mdomo. Kompyuta inageuza barua kuwa milio, redio inairusha kwa mawimbi mafupi, mawimbi yanagonga tabaka la juu angani na kurudi chini mbali sana. Huko kuna kituo chenye intaneti. Kinaipokea barua na kuiingiza katika barua pepe za kawaida. Mtandao wa vituo hivyo unaitwa Winlink. Kituo cha kupokea chaweza kuwa nchi nyingine kabisa, ambako nyaya hazikukatika. Hapo ndipo penye faida.

Hii si hadithi. Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico, umeme na simu vikazimika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba msaada, na watu 22 wa redio za ridhaa wakaenda na redio zao. Kazi yao mojawapo ilikuwa kupeleka kwa Winlink habari za watu walionusurika, ili ndugu zao wajue wako hai.

Vifaa ni hivi: redio ya mawimbi mafupi, betri ya gari ya volti 12 na sola ya kuichaji, waya wa antena wa meta 20 unaogawanywa katikati, meta 10 kila upande, kwa mawimbi ya meta 40, kompyuta ndogo hata kama ni ya zamani, na kifaa cha kuunganisha kompyuta na redio. Programu ya barua inaitwa Pat, nayo ni ya bure. Inaendeshwa kwa amri: unaandika maneno, unabonyeza, inatii. Haina haja ya picha na mapambo, kwa hiyo haili umeme mwingi.

Vijana, nakilini amri hizi:

1. pat configure. Inafungua mipangilio. Penye mycall weka alama ya kituo chako. Penye secure_login_password weka neno la siri. Penye locator weka alama ya mahali ulipo. Kwa mfano Dodoma ni KI73, Dar es Salaam ni KI93.

2. pat compose. Inakuuliza barua ni ya nani na inahusu nini, halafu unaandika. Ukimaliza, barua inakaa katika sanduku la kutoka. Jamani, hapo bado haijaondoka!

3. pat rmslist. Inaonyesha orodha ya vituo vya kupokea. Ichukueni wakati intaneti ipo, mwiandike na karatasini. Msingoje siku ya mafuriko.

4. pat connect. Hii ndiyo inayopeleka. Siku ya kujifunza, intaneti ikiwapo, andika pat connect telnet. Siku ya redio, kwanza washa ARDOP, ile programu ya kutengeneza milio, uiweke redio kwenye mawimbi ya kituo unachokitaka, kisha andika pat connect ardop:/// na alama ya kituo hicho. Barua zako zinatoka na zilizokuwa zinakungoja zinaingia, safari moja.

5. pat read. Kusoma zilizoingia.

Barua iwe fupi. Kikomo ni kilobaiti 120, lakini kwa mawimbi mafupi hata picha moja ndogo itawatesa. Andika nini kimetokea, wapi, lini, watu wangapi, kinatakiwa nini. Basi. Na mtu wa barua pepe ambaye hujapata kumwandikia, akitaka kukuletea barua lazima aweke //WL2K kwenye kichwa cha barua yake, la sivyo itarudishwa.

Sasa nije kwenye makatazo, maana nimesikia watu wanasema tutauliza bei ya mazao kwa redio hii. Hapana. Redio ya ridhaa haifanyi biashara. Anayeirusha lazima awe na leseni ya TCRA na alama yake, ambayo kwetu huanza na 5H. Kanuni za dunia, zilizorekebishwa Geneva mwaka 2003, zinasema barua ya mtu mwingine ya kuvuka mpaka inaruhusiwa wakati wa dharura na maafa tu. Tena ni marufuku kufumba maneno ili yasieleweke. Yeyote mwenye mitambo yake anaweza kusoma. Kwa hiyo mgonjwa tusimtaje jina; tuseme "mama mjamzito, mmoja, anahitaji gari".

Mtaniuliza, kama haileti senti, Chama kilipie kwa nini? Nami nawauliza: ghala la akiba linaleta senti ngapi mwaka wa neema? Hakuna anayelidai faida. Linakaa, linangoja. Akiba haiozi.

Kamati inapendekeza:

(a) Tuchague vijana wawili, msichana na mvulana, waombe leseni. Vifaa visinunuliwe kabla leseni hazijatoka.

(b) Mitambo ikae ofisi ya Chama, si nyumbani kwa mtu.

(c) Kila Jumamosi wafanye mazoezi kwa barua zao wenyewe, na betri ikaguliwe.

Mkikataa (c), nawaomba mkatae na (a) na (b). Redio isiyofanyiwa mazoezi ni sanduku tu, na siku ya shida tutaizunguka tukiitazama. Uamuzi ni wenu.



(Kura zitapigwa mkutano ujao. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyeona vizuri.)