Lugha Huchaguliwa na Vijana



Mwaka 1928 kulifanyika mikutano miwili mbali na hapa Nakuru. Mmoja ulikuwa Mombasa, ambako maafisa wa kikoloni na wamisionari waliamua kuwa Kiswahili cha shule kifuate Kiunguja. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe aliyoitungia mshairi Muyaka bin Haji, kikawekwa kando. Mwingine ulikuwa Batavia, Jakarta ya leo. Tarehe 28 Oktoba, vijana wa rika lenu, wahitimu, walikula kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja, Waholanzi wakiwa bado wanawatawala. Wajava ndio waliokuwa wengi, lakini lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kimalei cha bandarini, nao wakaiita Kiindonesia, jina la taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Huko waliamua vijana, huku tuliamuliwa. Ndiyo maana nawaheshimu sana wale waliochagua wenyewe lugha ya kuandikia. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 akiwa kijana wa miaka 22, kwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi. Gerezani alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Indonesia nako mwandishi Pramoedya Ananta Toer, Mjava, alifungwa kisiwani Buru. Aliponyimwa kalamu aliwasimulia wafungwa wenzake riwaya yake kwa mdomo. Riwaya hiyo, Bumi Manusia, ikatoka mwaka 1980, kwa Kiindonesia, si Kijava.

Ninyi hamjanyimwa karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hata hivyo, ingieni agroveti pale Molo. Mama mkulima wa viazi anageuzageuza chupa ya dawa ya ukungu, maandishi madogo, mengi ya Kiingereza, kisha anamuuliza muuzaji, "Hii naweka vifuniko vingapi kwa pampu moja?" Akikosea kipimo, shamba linaungua au mapafu yake yanaumia. Hilo linaniuma, kwa sababu aliyeandika maelezo yale alisoma kama ninyi.

Basi uliyesomea kilimo, mwandikie mama huyo kijitabu. Muuguzi, mweleze mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili sanifu, na umwandikie pia. Mwalimu, usiishie kwenye vitabu vya kutahiniwa. Wape wanafunzi wa Njoro na Gilgil nafasi ya kutunga vyao. Anzeni mwaka huu, kabla kazi hazijawazoesha kuandika kwa Kiingereza pekee.