Mnamkimbia Nani?

Mazungumzo na wanakisomo wa Gongo la Mboto



Tumeombwa tuseme machache juu ya mbio ndefu. Sisi si mabingwa. Ni wakazi wa hapa hapa Gongo la Mboto. Wako kati yetu mafundi, mama lishe, wachukuzi wa sokoni na wazee waliostaafu. Hakuna anayetulipa hata senti.

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tunakutana saa kumi na moja alfajiri. Joto la Dar es Salaam mnalijua. Jua likishatoka, jasho linatiririka wala halikauki, na mtu huchoka upesi. Basi tunawahi. Jumanne tunashuka upande wa Ukonga, tunageuzia Banana. Alhamisi tunapanda kwenda Pugu, na huko kilimani ndiko kila mtu hujulikana. Jumamosi tunakwenda mbali, polepole, tukiimba mchakamchaka kama watoto wa shule. Masika yakija, njia za ndani huwa tope tupu. Hapo tunabaki kandokando ya barabara kuu, upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, ili tuyaone magari yanayotujia. Raba zetu ni za mtumba. Ukipata jozi isiyobana vidole, mshukuru Mungu.

Wanaotuona hutuuliza, "Jamani, mnamkimbia nani?" Wanadhani mtu mzima hukimbia apunguze tumbo tu. Tumbo linapungua, ni kweli. Lakini tukisema ukweli wote, kila mmoja wetu anamkimbia mwenzake.

Tunalo daftari la kawaida la shule. Humo tunaandika tarehe, njia, dakika, na neno moja juu ya mwili: "mzima", "mzito", "goti". Mwandishi wetu ni mama mmoja aliyejifunza kusoma na kuandika akiwa tayari ana wajukuu. Alikuwa mwanakisomo kama ninyi. Siku hizi hakuna awezaye kumdanganya hata nusu dakika. Ukimwambia, "Mama, niandikie arobaini na saba," anakuonyesha saa yake na kuandika arobaini na nane.

Wako wenzetu waliotaka daftari hilo lichomwe. Walisema linaleta ugomvi. Eti mtu akiona jina lake limeshuka, hasalimii watu siku mbili. Hilo hutokea, hatukatai. Lakini tulijibu hivi: bila daftari, nani ataamka saa kumi usiku mvua inanyesha?

Tena sekunde si jambo la mzaha. Mwaka 1988, Juma Ikangaa wetu alikimbia marathoni ya Boston, Marekani. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Baada ya njia yote hiyo, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1 tu. Mwaka 1989 akawa wa pili tena, na mwaka 1990 wa pili tena! Lakini katikati hapo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia moja za sekunde moja. Hivyo Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Tulipiga hesabu ya Simbu daftarini. Kila kilomita alikwenda kwa dakika 3 na sekunde 5 hivi. Mwenzetu mwenye mbio kuliko wote hutumia dakika 6. Hata kama angeweza kushika mwendo huo hadi mwisho, angefika zaidi ya saa 2 nyuma ya Simbu. Tulicheka sana. Kesho yake alikuja mapema kuliko wote.

Sasa tuseme juu ya goti. Mwenzetu mmoja ni mchukuzi, anabeba magunia sokoni. Katika daftari alikuwa wa pili. Wiki mbili kabla ya mbio za kilomita 10 za mjini, goti lake lilivimba. Mzee wetu akamwambia, "Mwanangu, pumzika." Akajibu, "Mzee wangu, mbona Akhwari alimaliza?"

Jina la John Stephen Akhwari linatajwa sana kwa namna hiyo. Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia. Saa yake ilikuwa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Mzee alimsikiliza mchukuzi mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unamjua Akhwari wa siku moja tu. Mwaka 1970 kule Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Goti alilipa nafasi lipone. Yeye alitumwa na nchi. Wewe nani kakutuma? Na Jumatatu gunia atabeba nani?"

Mchukuzi hakufurahi. Siku nane za mazoezi mama aliandika mbele ya jina lake neno moja: "Kapumzika." Kijana wa miaka 19 akachukua nafasi yake, na wa tatu akapita pia. Mbio za mjini alizitazama akiwa amesimama kando ya njia, kanuna, hamsemeshi mtu. Sasa amerudi. Ni wa nne, goti halijavimba tena, na Alhamisi iliyopita kijana yule alisikia hatua nyuma yake kilima kizima.

Anayetaka kuja, aje Jumanne. Awe amekunywa maji, asiwe ameshiba. Jina lake mama ataliandika siku hiyo hiyo. Sasa tunasubiri maswali yenu.