Babu Yangu, Askari wa Zamani

Leo nimeombwa nizungumze juu ya babu yangu, mzaa baba. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 85, tukamzika hapa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mbali na kwao. Wengi mnaye mzee kama yeye hapo uani. Ndiyo maana nimekubali kuzungumza.

Babu alizaliwa karibu na Baraka, huko Fizi. Mwaka 1940 aliingia Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji. Aliyeandikishwa alitumikia miaka saba. Mwaka 1941 walipelekwa kupitia Sudan hadi Uhabeshi, kupigana na Waitaliano. Walipigana Asosa, wakapigana Gambela, na mwisho Saïo, ambako mwezi wa Julai jenerali wa Kiitaliano, Gazzera, alisalimu amri. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini waliobeba bunduki na mizigo walikuwa Wakongo, na maafisa wote walikuwa Wazungu. Ilikuwa hivyo mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka 1960.

Tulipokuwa watoto, Babu hakutusimulia vita. Alikuwa na sanduku dogo la bati, ndani yake medali, cheti cha jeshi na picha moja. Mwishoni mwa mwaka 1996 tulipovuka ziwa kukimbia, boti ilijaa kupita kiasi, maji yakaanza kuingia. Mwenye boti akasema mizigo itupwe. Babu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alilitupa sanduku lake majini, akampakata mdogo wangu mpaka tukafika.

Hapa kambini alikuwa mzee wa miaka 75, na kazi yake ilikuwa sisi wajukuu. Alfajiri alituamsha na kutupanga mstari, kila mtu na dumu lake, akituhesabu kwa Kilingala, lugha ya jeshini: moko, mibale, misato. Tukishateka maji alitusindikiza shuleni. Siku ya mgao alipanga foleni mwenyewe, kadi ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Jioni alikagua madaftari yetu. Kusoma kulimpa shida, lakini ukurasa usioandikwa kitu aliuona upesi.

Mwaka 1998 vita vilianza tena kwetu. Mimi nilikuwa na miaka 16. Usiku mtu mmoja alikuwa akija karibu na bomba la maji kuzungumza na vijana. Alituahidi viatu vya jeshi, mshahara na cheo. Alisema tutarudi nyumbani tukiwa wanaume, si watu wa kungojea unga. Tukakubali wanne. Nilificha shati na blanketi chini ya kuni.

Babu aliviona. Hakunigombeza, wala hakunipiga. Aliniita tukae nje, akaanza kusimulia yale ambayo hakuwahi kutuambia. Alisema kule Uhabeshi, katika wenzake aliowajua kwa majina, waliochukuliwa na kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Mmoja alitoka kijiji kimoja naye. Alimzika kwa mikono yake, mvua ikinyesha, kisha wakaamriwa kuondoka. Mwaka 1947 aliporudi nyumbani, mama wa yule rafiki alimfuata kila siku ya soko kumwuliza: mwanangu amelala wapi? Babu hakuweza kumwelekeza. Yule mama aliuliza mpaka akafa.

Tena akaniambia kwamba mwaka 1964, wakati wa uasi, wapiganaji walikuja kumtaka awafundishe vijana bunduki. Usiku ule ule alimchukua bibi na watoto, wakakimbilia milimani. Alikuwa ameapa hatamfundisha mtoto kuua. Kisha akaniuliza, "Sasa ukienda wewe, mama yako akiniuliza, nitamwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa kiongozi wa kijiji chetu hapa kambini, nikaeleza yote. Halafu Babu, na fimbo yake, akapita nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa wale watatu. Wawili walibaki. Mmoja alikuwa ameshaondoka usiku. Mama yake tunakutana naye hata leo, naye huniuliza kama nimesikia lolote.

Ndugu zangu, wakati ule hatukuijua sheria. Leo tuijue. Kuandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 jeshini au katika kundi lenye silaha, au kumtumia vitani, ni uhalifu wa kivita. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga, Mkongo mwenzetu, kifungo cha miaka 14 kwa kosa hilo. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 unakataza makundi yenye silaha kuandikisha yeyote aliye chini ya miaka 18. Tena kambi ni mahali pa raia. Anayekuja kutafuta wapiganaji humu anatuhatarisha sote, na mama mwenye kichanga naye yumo.

Basi ukiona mtu wa namna hiyo, usimfuate wala usipambane naye peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, kisha mpeleke habari kiongozi wa kijiji, wahudumu wa ulinzi wa watoto, polisi wa kambi au UNHCR. Omba jina lako lisitajwe. Na wewe kijana ambaye umeshaficha shati lako mahali, kabla ya kuondoka nenda ukakae na mzee aliyewahi kuviona vita. Mwulize kilichowapata aliokwenda nao.

Babu hakuacha medali wala picha. Vyote vimo ndani ya ziwa. Sanamu ya kumkumbuka hatuna. Lakini asubuhi ninapowapanga watoto wangu mstari na madumu yao, nawahesabu kama alivyotuhesabu yeye: moko, mibale, misato. Wa mwisho huuliza kwa nini tunahesabu kwa lugha ile. Hapo ndipo ninapowaeleza habari za babu yao mkubwa, aliyekuwa askari, na usiku ule alionizuia nisiwe askari.

Msalimieni mzee wenu.