Kinywa Kilichokuwa Kizito

  

Kwanza twataka kuungama jambo moja. Miaka michache iliyopita, katika ibada ya Jumapili, kijana mmoja aliitwa mbele asome somo la siku hiyo. Alisimama, akafungua kitabu, akaanza vizuri. Kisha akafika penye neno moja, nalo likakataa kutoka. Herufi ya kwanza ilikuja mara tatu, mara nne, mara tano. Watoto wakaanza kucheka kwenye viti vya nyuma. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akainuka, akakitwaa kitabu mikononi mwa kijana, akalimaliza somo kwa sauti ya kupendeza. Sisi sote tulidhani tumemwokoa na aibu. Lakini tangu siku ile hakukubali tena kusoma, wala kuomba mbele ya watu, wala hata kutoa salamu za vijana. Tulikuwa tumemnyamazisha.

Kisa hicho kilitujia tena hivi majuzi tulipokuwa tukisikiliza nyimbo za mwimbaji mmoja wa Marekani, Bill Withers. Withers aliimba muziki ambao Wamarekani Weusi wauita soul, na maana ya neno hilo ni nafsi, au roho. Ni muziki uliochota sana katika uimbaji wa makanisa yao, ukatoka nje mpaka kwenye kumbi za dansi. Huenda mmoja wenu anauliza, "Je, mwimbaji wa nyimbo za dunia ana nini cha kutufundisha?" Twakuomba, ndugu, utuvumilie hadi mwisho.

Withers alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 huko Slab Fork, katika jimbo la West Virginia. Slab Fork palikuwa mahali padogo pa wachimbaji wa makaa ya mawe, na baba yake alikuwa mmoja wao. Bill alikuwa kitinda mimba katika watoto sita. Alikulia katika mji wa Beckley ulio karibu na hapo, mikononi mwa mama yake na nyanya yake. Alipokuwa na umri wa miaka 13, baba yake alifariki dunia.

Tena alikuwa na kigugumizi. Ninyi mlio nacho, au mlio na mtoto aliye nacho, mwajua maana yake. Mtoto wa namna hiyo analo jibu darasani lakini hainui mkono. Anatumwa dukani, naye njiani anatafuta neno jepesi la kuitia bidhaa aliyotumwa. Watu humwona mjinga, na akikaa sana na mawazo yao, mwishowe yeye naye hujiona hivyo.

Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la majini, akatumika humo kwa miaka tisa. Kigugumizi hakikumwacha mpaka alipokuwa na umri wa miaka 28 hivi. Baadaye alieleza ya kwamba, kwa upande wake yeye, mzizi wa shida ulikuwa hofu. Aliogopa jinsi msikilizaji atakavyomwona, kwa sababu aliwahesabu watu wote kuwa bora kuliko yeye. Hakusema kwamba ni hivyo kwa kila mtu, nasi hatusemi hivyo. Lakini yeye ilimbidi kwanza ajifunze kumtazama mwenzake usoni kama mtu aliye sawa naye.

Mwaka 1967 alihamia Los Angeles. Alifanya kazi kiwandani, akitengeneza viti vya vyoo vya ndege. Naam, mmesikia vema! Mchana alikuwa kiwandani, na mshahara wake aliutumia kulipia kurekodi nyimbo alizozitunga mwenyewe, kisha akazunguka nazo akitafuta kampuni ya kuzipokea. Alikuwa amekwisha kupita miaka 30, umri ambao katika kazi hiyo wengi humwona mtu amechelewa.

Sasa, wapenzi, twataka tuangalie majina ya santuri zake tatu, maana yanafuatana kama hatua za mtu anayetembea.

Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1971, nayo iliitwa Just As I Am, yaani, kama nilivyo. Jina hilo ni sawa na la wimbo wa ibada ambao wengi wetu tumeuimba kwa Kiswahili tukiwa tumesimama mbele ya madhabahu. Picha iliyo juu ya jalada lake ilipigwa kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana. Hapo anaonekana mfanyakazi amesimama na kisanduku chake cha chakula mkononi. Alikuwa bado hajaacha kazi ile, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba muziki utamlisha.

Ndani ya santuri hiyo mna wimbo juu ya mikono ya nyanya yake. Katika wimbo huo twaiona mikono ile ikipiga makofi kanisani, ikimwonya mtoto asijiumize, ikimwinua anapoanguka. Mama mzee wa mji mdogo, ambaye dunia haikumjua, akajulikana na mamilioni ya watu kwa sababu mjukuu wake hakuona aibu kumtaja.

Mna pia wimbo uitwao Ain't No Sunshine, ambao ni malalamiko ya mtu aliyeachwa. Katikati ya wimbo huo yako maneno mawili mafupi anayoyarudia mara 26 mfululizo. Withers alikusudia kupajaza mahali pale kwa maneno mengine baadaye, lakini wanamuziki waliokuwa pamoja naye wakamshauri apaache vivyo hivyo. Hebu fikirini! Mtu aliyechekwa tangu utoto kwa kurudiarudia neno, sasa anarudia neno mara 26, na watu wanatulia kumsikiliza. Wimbo ule ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 1972. Na wimbo huo ulipofikia mauzo ya dhahabu, kampuni ilimpa kiti cha choo kilichopakwa rangi ya dhahabu, kwa kukumbuka alikotoka.

Santuri ya pili ilitoka mwaka 1972. Iliitwa Still Bill, maana yake, bado ni Bill yule yule. Twajua sisi jinsi mtu apatapo cheo anavyobadilika sauti na kuwasahau jirani zake. Withers alifanya kinyume. Akiwa katika mji ule mkubwa, aliwakumbuka watu wa Slab Fork, ambao mmoja wao akipungukiwa, wengine humjia. Akatunga Lean on Me, wimbo wa kumwambia mwenzako akuegemee anaposhindwa, kwa kuwa nawe siku moja utamwegemea. Aliutunga kwa kinanda kidogo, vidole vikipanda na kushuka ngazi za sauti kama mtoto anayejifunza. Mwaka huo wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani.

Yeye mwenyewe alisimulia kisa kimoja cha siku zake za jeshini. Alikuwa akiendesha gari huko Alabama, katika jimbo ambalo siku hizo mtu mweusi alikuwa na sababu nyingi za kuogopa njiani. Tairi likapasuka, naye hakuwa na jingine. Akatokea mzungu mmoja, mtu wa mashambani, akamtazama, kisha akageuka akaenda zake. Baada ya kitambo akarudi kwa miguu akiwa amebeba tairi, akamsaidia kulifunga. Basi, aliyetunga wimbo wa kuegemeana alikuwa amekwisha kuegemea mtu asiyemtazamia.

Na yeye aliyekosa kusikilizwa akawa msikilizaji wa wengine. Katika santuri iliyotoka mwaka 1973 aliimba wimbo wa askari kijana aliyejeruhiwa vitani Vietnam, aliyepoteza matumizi ya mkono wake wa kuume, naye hawezi kuandika barua kwa mkono wa kushoto, hivyo anamwomba mtu amwandikie kwa mama yake. Wengine waliimba juu ya wakubwa walioanzisha vita. Withers alimwimba yule anayetafuta mtu wa kumwandikia barua.

Santuri ya tatu tunayotaka kuitaja ni ya mwaka 1974, nayo iliitwa +'Justments, yaani, marekebisho. Ilitoka katika wakati wa uchungu, maana ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka huo huo. Nyimbo zake ni za mtu anayejitazama, anayejiuliza amekosea wapi na apange upya jambo gani. Mwezi wa Septemba mwaka huo alikuja huku kwetu Afrika, akaimba katika tamasha kubwa la muziki mjini Kinshasa. Mbele ya umati mkubwa, baada ya bendi zenye kishindo, aliketi na gitaa lake, akaimba polepole wimbo wa huzuni, akimtakia heri mpenzi aliyekwenda zake.

Mwaka 1977 alirekodi Lovely Day, ambamo anashika sauti ya neno moja kwa sekunde 18 bila kukata pumzi. Ukiusikia wimbo huo, mkumbuke yule mtoto wa Beckley ambaye neno moja lilikuwa mlima kwake.

Je, maisha yake yakawa laini tangu hapo? La. Baada ya mwaka 1978 watu wa kampuni walizikataa nyimbo zake mara kwa mara na kutaka kumwelekeza aimbe vipi. Mwaka 1985 alitoa santuri yake ya mwisho, kisha akaacha kabisa kazi hiyo, akakaa na mkewe na watoto wake wawili. Wengi walimshangaa. Lakini mtu ambaye amekwisha kujijua haogopi kunyamaza, kama vile haogopi kusema.

Filamu moja juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2009. Humo anaonekana mjini New York miongoni mwa watoto wenye kigugumizi waliokuwa wakijifunza michezo ya kuigiza. Watoto wanasema mbele yake, kila mmoja kwa kukwama kwake, na hakuna anayewaharakisha. Mzee yule anawasikiliza, na machozi yanamtoka. Alikuwa ameacha kigugumizi zaidi ya miaka 40, na bado hakuwa amekisahau.

Bill Withers alifariki dunia tarehe 30 Machi 2020 mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 81. Ilikuwa katika majuma yale ya kwanza ya ugonjwa wa korona, milango ilipofungwa kila mahali. Katika siku zile watu waliuimba wimbo wake wa kuegemeana ili kutiana moyo.

Ndugu zetu, ninyi msomao Biblia mwamkumbuka Musa katika kitabu cha Kutoka, jinsi alivyojitetea kwamba yeye si msemaji, kwamba kinywa chake ni kizito. Mungu hakumchagua mwingine mahali pake. Alimpa ndugu yake Haruni awe pamoja naye, naye Musa akaenda. Twaomba mzingatie hapo. Haruni alisimama kando ya Musa. Sisi, siku ile ya Jumapili, tulimwondoa kijana mahali pake.

Kwa hiyo juma lililopita wawili wetu tulikwenda kumwona. Sasa ni mtu mzima, ana karakana yake ya useremala. Tulimkuta akipiga randa. Tukamwambia tulichokijia, tukamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, nasi safari hii hatukumjazia neno. Mwishowe akasema, kwa kukwama hapa na pale, kwamba neno lile lililomshinda analijua hata leo, na kwamba huwa analisema peke yake hapo karakanani, randa inapopiga kelele. Tulimwuliza kama atakubali kusoma tena siku moja. Alisema atafikiri. Hakuahidi zaidi ya hapo, nasi hatukumshurutisha.

Wewe unayetusikiliza, pengine unacho kitu ambacho umekificha kwa sababu kulikuwa na watu waliocheka. Si lazima kiwe kigugumizi. Labda ni barua unayotaka kumwandikia mtu, au wimbo ulio moyoni, au ukweli unaokupasa kuusema nyumbani mwako. Anza na maneno machache, kama ulivyo. Nawe ukisikia mwenzako amekwama katikati ya neno, usimmalizie. Mngojee.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba kinywa cha mtu, utupe ujasiri wa kusema lililo kweli juu yetu wenyewe, na saburi ya kuwasikiliza wanaosema kwa shida. Utusamehe tuliowanyamazisha. Amina.