Namba ya Simu Iwe ya Kikundi, Isiwe ya Mtu

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Dongobesh)



Tumeombwa tuzungumze juu ya simu za intaneti kwa biashara ndogo, jinsi ya kuzifunga na jinsi ya kuzitunza. Tunajua baadhi yenu mmekuwa mkiuliza, "Simu tunazo mfukoni, hii nyingine ni ya nini?" Swali hilo ni la haki, na tutaanza nalo.

Kikundi kimoja cha akina mama wa huku kwetu kiliamua kuuza vitunguu swaumu kwa pamoja. Ofisi yetu ilisaidia ghala, mizani na mafunzo ya kutunza hesabu. Magunia yalipoandikwa jina la kikundi, tuliandika na namba ya simu. Ilikuwa namba ya katibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Kwa misimu miwili wanunuzi wa Arusha walimzoea. Msimu wa tatu katibu akahama, akamfuata mume wake kazini mkoa mwingine. Hakuiba kitu wala hakugombana na mtu. Aliondoka na simu yake kama ambavyo yeyote kati yetu angeondoka na yake. Wanunuzi walipopiga aliwaambia kwamba hayuko tena Dongobesh, na wengine wakaelewa kwamba kikundi kimekufa. Vitunguu vilikaa ghalani mpaka vingine vikaanza kuchipua. Vilivyobaki vilichukuliwa na madalali waliofika mlangoni na bei yao mkononi.

Akina mama wale hawakutulaumu. Hata hivyo, tulikuwa tumekagua ghala, mizani na daftari la mauzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: je, hii simu ni ya nani?

Ndugu wajumbe, siku hizi swali hilo ni zito kuliko zamani. Laini ya mtu binafsi husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Maana yake ni kwamba namba ya katibu ni ya katibu kweli kweli. Hawezi kumkabidhi mwenzake kama anavyokabidhi funguo za ghala.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauna gharama kubwa. Kikundi chenye cheti cha usajili kiende kwa kampuni ya simu kikaulize utaratibu wa laini ya taasisi. Duka la mtu mmoja au mashine ya kusaga yenye mhudumu mmoja haihitaji zaidi ya hapo, na tusimshawishi mtu anunue mtambo asiouhitaji.

Simu ya intaneti inahitajika pale ambapo watu wengi wanapokea simu za biashara moja: ghala lenye ofisi, stoo na muuzaji aliyeko mjini, nyumba ya wageni, duka la pembejeo lenye matawi mawili. Zamani mahali kama hapo palifungwa swichibodi yenye nyaya nyingi. Siku hizi sauti hukatwa vipande vidogo vidogo, ikasafirishwa kwa intaneti kama barua pepe inavyosafirishwa, kisha ikaunganishwa upande wa pili. Swichibodi imekuwa kisanduku kidogo, na programu yake inaweza kupatikana bure. Programu moja inayotumika sana, Asterisk, ilianzishwa mwaka 1999 na kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, aliyehitaji swichibodi kwa biashara yake ndogo akaona bei ya dukani inamshinda.

Faida yake ni kwamba mteja hupiga namba moja. Simu ikilia ofisini bila kupokewa, inahamia stoo. Isipopokewa stoo, inamfuata muuzaji alipo. Mtu akiondoka, jina lake linafutwa kwenye mtambo na la mwingine linaingizwa. Namba inabaki ile ile iliyoandikwa kwenye gunia.

Kuhusu sheria, msiwe na hofu, ila muwe waangalifu. Haki ya pekee ya TTCL katika huduma za simu za mezani ilikoma Februari 2005, na mwaka huo huo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilileta mfumo wa leseni usiobagua teknolojia. Leo kuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwenu ninyi jambo kubwa ni hili: nunueni huduma na namba kwa mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA. Akija mtu na kisanduku cha kujaza laini nyingi, akiwaahidi kamisheni kwa kupitishia humo simu za nje ya nchi, mkataeni. Hilo ni kosa la jinai, na kisanduku kikikutwa ghalani kwenu, mtakaoulizwa ni ninyi. Tena mkitaka kurekodi mazungumzo ya wateja, kumbukeni ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mteja aambiwe.

Sasa tuje kwenye kufunga. Msianze na kununua simu. Anzeni na kupima intaneti, mahali pale pale itakapotumika, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nzima. Mnamo Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, lakini mnara kuonekana kilimani si hakikisho kwamba intaneti itafika vizuri nyuma ya ukuta wa ghala. Simu haihitaji intaneti kubwa, inahitaji intaneti tulivu. Mazungumzo ya ubora wa kawaida hutumia kilobiti 90 hivi kwa sekunde kila upande, yaani megabaiti 1.3 hivi kwa dakika. Dakika 100 kwa siku ni megabaiti 130. Mkichagua mfumo unaobana sauti, matumizi hushuka hadi karibu theluthi moja. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuchagua bando.

Tumeulizwa pia na sharika za mbali kuhusu dishi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Setilaiti za zamani, zilizo juu karibu kilomita 36,000, huzidi kiasi hicho, na ndiyo maana watu wawili hujikuta wakiongea kwa mpigo kisha wakinyamaza kwa mpigo. Inawezekana kuzitumia, ila mzoee kusubiriana.

Jambo la pili ni umeme. Simu ya intaneti huzimika umeme unapokatika. Ruta, kisanduku na simu mbili za mezani hutumia wati 30 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, mkitumia nusu yake tu ili isife mapema, inawapa saa 15 hivi baada ya kutoa kinachopotea njiani. Inatosha kuvuka usiku. Na huku kwetu radi si hadithi: wekeni waya wa ethi, wekeni kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, na mvua ya radi ikianza chomoeni. Kila ofisi ibaki na simu moja ya mkononi kwa ajili ya dharura.

Wapendwa, tungeishia hapo mngesema mratibu ameongea vizuri. Lakini tukiri na jambo ambalo halikwenda vizuri. Mtambo wa kwanza tuliousimamia ulifanya kazi miezi michache, watu wakafurahi, tukapiga picha kwa ajili ya ripoti. Kisha asubuhi moja salio lote lilikuwa limekwisha. Usiku watu wasiojulikana walikuwa wameingia kupitia intaneti na kupiga simu nchi za mbali. Nywila ilikuwa 1234. Tuliiacha hivyo wenyewe, ili isisahaulike. Bahati nzuri huduma ilikuwa ya kulipia kabla, hasara ikaishia kwenye salio. Ingekuwa ya kulipia baadaye, kikundi kingepata deni. Tulipomtafuta kijana aliyefunga mtambo, tulikuta ameshapata kazi mjini, na mipangilio yote ilikuwa kichwani mwake. Tulikuwa tumerudia kosa lile lile la katibu. Safari hii namba ilikuwa ya kikundi, lakini ujuzi ulikuwa wa mtu.

Kutokana na hayo tumejiwekea utaratibu, na tunaomba kila kamati iuchukue:

Kwanza, watunzaji wawe wawili, nao wafundishwe pamoja. Mmoja awe mkazi asiyetarajiwa kuhama.

Pili, nywila ziwe ndefu, tofauti kwa kila simu, na ziandikwe. Karatasi iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mwenyekiti, pamoja na hati za kikundi. Simu za nje ya nchi zifungwe kwenye mtambo kama hamzihitaji.

Tatu, liwepo daftari la simu. Kila Jumatatu mtunzaji apige simu moja ya majaribio ndani na moja nje, aandike kama sauti imesikika pande zote mbili. Kila mwezi apanguse vumbi, akague betri, na ahifadhi nakala ya mipangilio mahali pengine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mkataba na namba viwe kwa jina la kikundi, na watia saini wawe wale wale wa benki.

Tano, uwepo mfuko wa matengenezo. Betri itakufa, ruta itaungua, hilo halina mjadala. Kila mauzo yatoe kidogo, kiwekwe pembeni, kisiguswe kwa posho.

Kwa wageni wetu wafadhili tuna ombi moja, nasi tunalisema kwa heshima. Bajeti nyingi za miradi zina mstari wa vifaa, zina mstari wa uzinduzi, na mwaka wa pili hauna mstari. Mkiona ombi letu lina simu mbili pungufu lakini lina betri ya akiba na mafunzo ya mtunzaji wa pili, msidhani tumekosea hesabu.

Na kwa kamati zetu: mkirudi nyumbani, kabla ya kufikiria mtambo wowote, chukueni gunia, risiti au ubao wa mradi wenu. Tazameni namba iliyoandikwa pale. Ulizeni: mwenye namba hii akihama kesho, mteja atatupata? Mkikosa jibu, hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, na ofisi yetu iko tayari kuja kukaa nanyi.

Akina mama wale wa vitunguu bado wanalima. Magunia yao ya sasa yana namba ya kikundi, na bahasha iko kwa mwenyekiti. Baadhi ya wanunuzi wa mwanzo hawakurudi. Wengine wamerudi, na wakipiga sasa hupokewa na yeyote aliye karibu.